Malalamiko: shokabu za mbele, alaimenti iliyokatwa kwa kalamu, na karatasi iliyofutiwa grisi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Nakala kwa Meneja wa Huduma, tawi la Industrial Area,
Nairobi.

KUH: SUBARU FORESTER YA KIJIVU, SHOKABU ZA MBELE ZILIZOFUNGWA TAREHE 6 MWEZI ULIOPITA

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu. Naandika kwa heshima, na naomba heshima hiyo isichukuliwe kuwa nimeridhika.

Jumanne wiki hii, saa nne asubuhi, msimamizi wa zamu katika mapokezi yenu alipokea karatasi ya vipimo vya alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, niliyomkabidhi, akaifutia grisi mikononi mwake, kisha akaniambia: "Mama, shokabu na alaimenti ni vitu viwili tofauti. Haya mambo ya magari waachie mafundi." Nitalirudia jambo hilo huko chini kwa sababu bado sijalimeza. Ila nianze na kauli yenyewe, maana ndiyo iliyoyala matairi yangu, na kama ndivyo mnavyowaambia wateja wote basi kuna magari mengi mjini humu yanayoharibika wakati huu.

Shokabu ya mbele ya Forester haipunguzi mtikiso tu. Ndiyo inayolisimamisha gurudumu. Juu imeshikwa kwenye bodi kwa nati tatu. Chini imeshikana na nako, ile chuma inayobeba habu (kitovu cha gurudumu), kwa bolti mbili za namba 19. Mkono wa juu wa kulishika gurudumu haupo. Kwa hiyo gurudumu linasimama wima au linainama kulingana na jinsi shokabu na nako zinavyokutana kwenye bolti hizo mbili. Huwezi kuitoa shokabu bila kuzifungua, na ukishazifungua umeifungua pembe ya gurudumu. Kutoka bolti moja hadi nyingine ni kama sentimita 6. Nako ikisogea milimita 1 kwenye bolti ya juu, kemba, yaani mwinamo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele, inahama karibu digrii 1. Ni hesabu ya rula na penseli. Fundi yeyote anaweza kuichora sakafuni kwa chaki.

Na katika Subaru, bolti ya juu imetengenezwa makusudi isogeze nako. Shingo yake si duara la kawaida: ukiizungusha, gurudumu linainama ndani au linatoka nje. Ndiyo sababu mtu anayeijua kazi hupiga alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti na kwenye shokabu kabla ya kuweka spana, ili airudishe palepale ilipokuwa. Kwenye gari langu hakuna alama yoyote ya rangi, ya patasi wala ya chaki. Bolti ya kushoto imezungushwa hadi mwisho, ya kulia iko karibu na katikati. Zilirudishwa zilivyoangukia, zikakazwa.

Hata fundi wenu angepiga alama, gari bado lingetakiwa kupita kwenye mashini ya alaimenti. Shokabu mpya si ile ya zamani. Matundu yake hayalingani sawasawa na ya ile ya zamani, na gesi iliyo ndani ya shokabu mpya huinua pua ya gari kidogo, na urefu ukibadilika pembe nazo hubadilika. Alama husaidia gari lifike kwenye mashini bila kula matairi njiani, basi.

Kemba ikihama, tou nayo huhama, yaani namna matairi mawili ya mbele yanavyoangaliana puani. Tairodi, ile fimbo ya usukani, imeshika mkono wa nako na urefu wake ni uleule. Nako ikiinama, gurudumu lazima ligeuke. Hivyo hata gari ambalo kiwandani halikupewa nafasi ya kurekebisha kemba, ukibadilisha shokabu za namna hii unapaswa kupima tou. Sisemi ni magari yote. Prado ina mikono miwili mbele, juu na chini, na shokabu yake haishiki pembe. Ukiitoa na kuirudisha bila kugusa bolti za mkono wa chini, alaimenti hubaki karibu ilivyokuwa. Golf nayo shokabu huingia na kubanwa ndani ya nako, kwa hiyo kemba haina nafasi kubwa ya kuhama. Msimamizi wenu angesema hivyo kuhusu Prado ningemkubalia. Alikuwa anaitazama Forester dirishani.

Sasa vipimo. Karatasi ile, iliyotoka kwenye duka la matairi Barabara ya Ngong siku moja kabla, inaonyesha kemba ya kushoto hasi 1.8 (hasi ni juu kuinamia ndani), ya kulia hasi 0.3. Tofauti ni digrii 1.5 kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Tou ya jumla ilikuwa milimita 5 kuelekea ndani, ilhali inatakiwa iwe karibu na sifuri. Milimita 5 zinaonekana ndogo mpaka uzipigie hesabu: kwa tairi la 215/65R16, lenye kipenyo cha sentimita 68 na ushee, kila tairi la mbele linaburutwa pembeni zaidi ya mita 3 kwa kila kilomita moja. Gari lilikwenda kilomita 2,300 baada ya kutoka kwenu. Ni zaidi ya kilomita 8 za kusugua raba kwenye lami. Tairi la kushoto limelika ukingo wa ndani hadi kwenye alama ya mwisho, na ukipitisha kiganja juu ya meno yake upande mmoja ni laini, ukirudisha mkono yanakwaruza kama msumeno. Kulika ukingo mmoja ni kemba. Msumeno ni tou. Vyote viwili viko kwenye tairi moja, na picha nimeambatanisha.

Msimamizi wenu alisema pia kwamba tatizo ni barabara mbovu. Naomba mlifikirie hili kwa makini. Kwetu tunaendesha kushoto, na lami huinuka katikati ili maji yateremke pembeni. Barabara ikilivuta gari, hulivuta kushoto. Langu lilivuta kulia, kwa sababu gari hufuata gurudumu ambalo kemba yake haiko ndani sana, nalo ni la kulia. Kwenye Thika Road kwa mwendo wa 80, usukani ulilazimika kushikwa umeinamia kushoto ndipo gari linyooke. Ukiteremka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu, huko kulia ni malori yanayopanda. Ukipiga chafya ukalegeza mkono, gari linaelekea kwenye malori hayo. Sikuandika barua hii kwa ajili ya raba peke yake.

Tarehe 9, siku tatu tu baada ya kazi, niliwapigia simu nikasema usukani umepinda na gari linavuta. Nikajibiwa kwamba shokabu mpya lazima "zizoee" kwanza, nisubiri kilomita 1,000. Shokabu haizoei hivyo. Raba za mauntingi, yaani za vishikio vyake, zinaweza kukaa vizuri baada ya siku chache, na gari likashuka milimita chache, lakini bolti iliyokazwa vibaya haijirudishi yenyewe mahali pake. Siku ile matairi yangu yalikuwa mazima. Mngeniita siku ile, gharama yenu ingekuwa kazi ya dakika arobaini.

Nasema arobaini kwa sababu ndizo zilizotumika Barabara ya Ngong. Walipima upepo wa matairi, wakatikisa tairodi na boli jointi, vile viungo vya chini vya gurudumu, kuona kama zinacheza (hazichezi), wakalegeza bolti mbili za kila upande, wakazungusha ile ya juu mpaka kemba za pande zote mbili zikalingana, wakakaza, kisha wakafunga usukani katikati na kurekebisha tou mwisho. Kemba kwanza, tou mwisho, kwa sababu ukianza na tou utairudia. Hakuna spea iliyobadilishwa. Gari likanyooka. Kama tatizo lilikuwa barabara, lingenyookaje kwa kugeuza bolti mlizofunga ninyi?

Na hapa ndipo ninapozidi kukasirika, Bwana Mkurugenzi. Fomu yenu ya makadirio, iliyochapishwa na kampuni yenu, chini ya "shokabu za mbele" ina mstari wa alaimenti. Mmeuweka ninyi wenyewe. Kwenye nakala yangu mstari huo umekatwa kwa kalamu na kuandikwa "si lazima". Sikuulizwa. Sikuomba upunguzwe. Aliyeukata alijua upo, na aliyeuchapisha alijua kwa nini upo.

Narudi Jumanne, sasa kwa utaratibu. Kulikuwa na wateja watatu kwenye viti vya mapokezi, mmoja ana kikombe cha chai mkononi. Nilimwamkia msimamizi wenu, nikamweleza kwa ufupi, nikaiweka karatasi juu ya kaunta na kumwonyesha nambari zilizochapishwa kwa rangi nyekundu. Hakuzitazama. Aliikunja mara mbili huku akizungumza na mtu mwingine nyuma ya kaunta. Alifuta kidole gumba, halafu kiganja, halafu kiganja cha pili, taratibu, kama mtu aliyepewa tambara. Ndipo akasema yale ya vitu viwili tofauti na ya kuwaachia mafundi, na neno "Mama" alilitamka kwa namna ambayo mtu hamwiti mama yake. Kisha akaitupa karatasi kwenye ndoo ya filta zilizotumika. Mteja mwenye chai aliangalia chini. Niliinama mbele ya watu hao wote nikaitoa karatasi kutoka kwenye ndoo. Nilipokuwa nimeinama akaongeza kwamba kama nataka alaimenti ni shilingi 2,500, nilipe kwanza.

Alinitaka nilipie mara ya pili kazi mliyoikata kwa kalamu mara ya kwanza, kurekebisha kosa mlilolifanya wenyewe.

Asubuhi ile nilikuwa nimekuja kuomba matairi mawili kwa shilingi 31,000, ada ya kazi shilingi 5,000, na shilingi 3,000 za alaimenti ambazo ningelipa kwingine. Jumla 39,000. Shokabu zenyewe sina ugomvi nazo, ni nzuri. Ningepewa hizo ningeondoka kwa amani.

Ila Forester huendeshwa na magurudumu yote manne, na hilo mnalijua. Mzunguko wa matairi manne haupaswi kutofautiana zaidi ya milimita 6 hivi, la sivyo kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto na kufa mapema. Matairi ya nyuma yamebaki na meno ya milimita 6. Mapya yanakuja na 8. Tofauti hiyo ya milimita 2 za kina ni zaidi ya milimita 12 za mzunguko, mara mbili ya inayoruhusiwa. Kwa hiyo matairi mawili hayatoshi. Nadai manne, shilingi 62,000, pamoja na zile 5,000 za kazi na 3,000 za alaimenti. Jumla shilingi 70,000.

Nadai pia barua ya kuomba radhi, iliyotiwa sahihi na wewe mwenyewe, siyo na mapokezi. Nadai msimamizi huyo aniombe radhi palepale kwenye kaunta, wakati viti vina wateja. Na nadai kila gari mlilolifungia shokabu za namna hii tangu mlipoanza kukata mstari ule kwa kalamu liitwe lipimwe bure. Mnazo namba za simu za wenyewe. Huniandikia kila mwezi mkitangaza bei ya oili.

Nawapa siku saba tangu siku ya kupokea barua hii. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari ninazohitaji ili ninufaike nayo, ya kulindwa usalama wangu, na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Mwanasheria wenu atawasomea. Siku ya nane nitakuwa Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Kikomo chake ni shilingi milioni moja, sihitaji wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Huko sitadai 70,000 peke yake. Nitaongeza gharama za kesi, siku ambazo gari lilisimama, na fidia ya kuendeshwa kwa kilomita 2,300 likiwa halina usalama, na nitaomba kitabu chenu cha kazi kiletwe ili tuhesabu ni mara ngapi mmeandika "si lazima".

Matairi mawili ya mbele nimeyavua na kuyaweka. Mkitaka kuyapima, njooni na kipimo cha kina cha meno. Mpime ndani, katikati na nje, sehemu tatu kwa kila tairi. Fomu ya makadirio, risiti, vipimo vya kabla na baada, na picha za bolti zote mbili nimeambatanisha kwa nakala. Ile karatasi ya kwanza pia mtapata nakala tu. Alama ya kidole gumba cha msimamizi wenu imekaa juu ya nambari ya kemba ya kushoto, lakini hasi 1.8 bado inasomeka. Karatasi yenyewe, pamoja na grisi yake, ninayo mimi.

Wako kwa heshima,

Mteja, mwenye Forester ya kijivu