Chati za wafanyakazi zisitengenezwe kama matangazo

Mhariri,

Wenye migahawa na saluni wengi siku hizi wanabandika chati za maelekezo kwa wafanyakazi, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba nyingi zinaagizwa kama mabango ya mtaani. Nembo inakula theluthi ya karatasi, kuna picha ya mhudumu anayetabasamu, chini yake "Usafi Kwanza". Kijana aliyeanza kazi juzi akimaliza kuisoma bado hajui achanganye nini, kiasi gani, wala asubiri dakika ngapi.

Chukua dawa ya klorini ya kusafishia sakafu na meza. Chati zinazonakiliwa mtandaoni huandika sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 49 za maji, ili kupata nguvu ya asilimia 0.1. Hesabu hiyo ni ya dawa ya asilimia 5. Ukiwa na chupa ya asilimia 3.5, ambayo ni ya kawaida madukani kwetu, utaambulia asilimia 0.07 tu. Hapo inatakiwa 1 kwa 34, yaani mililita 100 za dawa kwa lita 3.4 za maji. Na jikoni nani ana chombo cha kupimia lita 3.4? Pigeni mstari wa rangi kwenye ndoo, kisha chati ionyeshe ndoo hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa mbunifu, mwenye biashara amwangalie mfanyakazi wake hodari akiifanya kazi mwanzo hadi mwisho, aandike kila kitendo kwenye mstari wake: pima, mimina, koroga, subiri. Kazi moja, chati moja. Rasimu hiyo ya kalamu ampe mtu asiyewahi kufanya kazi hiyo, na yeye mwenye biashara anyamaze kabisa. Pale mtu anapokwama ndipo pa kurekebisha. Kuisomea chati kwenye kikao cha asubuhi hakutoshi: mfanyakazi aonyeshwe, afanye akiangaliwa, ndipo aachwe peke yake.

Uchapaji una mitego yake. Nembo iliyotumwa kama picha ya WhatsApp hubanwa, ikikuzwa inatoka na ukungu. Itumwe kama faili. Karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Rangi ya usuli ipite ukingo kwa milimita 3 kila upande, maana kisu cha kukatia karatasi huyumba kidogo na kuacha ufito mweupe. Kijani na buluu kali za kwenye skrini hufifia kwenye wino, hivyo dai nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia hamsini.

Chati ya jikoni ipigwe leminesheni isiyong'aa, na plastiki izidi karatasi kwa milimita 5 pande zote. Mafundi wengi hupenda kuikata sawasawa na karatasi kwa sababu inapendeza. Maji huingilia hapohapo, na wino unaanza kuvuja.

Msomaji,
Dar es Salaam