Sahihi yangu utaipata

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mwende,

Salamu nyingi kutoka huku. Watoto hawajambo, Baba Neema yuko zamu ya usiku, na stima imerudi saa hii tu. Ningekupigia, lakini ungekata haraka kama ulivyofanya Alhamisi. Barua haikatwi.

Ujumbe wako niliusoma, nikaurudia. Kadi mbili, mkopo wa simu juu yake, unaomba nikudhamini kwenye sacco, hicho chama chetu cha akiba na mikopo, halafu pale chini: "tafadhali usimwambie mtu." Sijamwambia mtu. Ila hilo ombi la mwisho limenitia wasiwasi kuliko zile hesabu zote.

Unakumbuka ile siku uliponiona nikilipa kwa kadi supamaketi, ukasema, "Mama Neema ameomoka"? Nilicheka. Kwenye kikapu kulikuwa na unga, mafuta ya kupikia na soksi za shule, na nikitoka pale ilibidi nifulize, yaani nikope kwa M-Pesa, ili nipate nauli ya matatu. Hukujua, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Kijana wa benki alikuwa amekuja ofisini kwetu na fomu zake, akatumaliza sote kabla ya chai ya saa nne. Alitaka kitambulisho na peislipu, basi. Hakuuliza nina mdhamini, hakuuliza kama mume wangu ana habari. Kilichonivutia ni hicho hasa, kwamba naweza kukwama na kujikwamua bila mtu yeyote kujua.

Watu hudhani mwenye deni la kadi ni mtu wa kula bata. Mimi bata sikumwona. Ilikuwa karo, dawa za mama kule nyumbani, Januari yenyewe unavyoijua, na harusi ya binamu yangu. Hiyo harusi bado inaniudhi. Ile orodha ya michango kwenye WhatsApp ilikuwa ikizunguka kila jioni, majina yote yana tarakimu mbele yake, langu lina kistari. Nilitoa elfu kumi za benki ili kile kistari kiondoke.

Deni likafika 140,000. Riba ya kadi yangu ilikuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 4,900. Benki ilidai nilipe angalau asilimia 5, yaani 7,000. Sasa toa mwenyewe: ukilipa hiyo 7,000, deni limepungua 2,100 tu, na ukichelewa, faini inakuja kuigusa hiyo 2,100. Lakini jioni hiyo unalala vizuri, maana "umelipa". Aliyebuni hicho kiwango cha chini anatujua sisi binadamu, tena anatujua sana.

Kuhusu usiku mwingine, sijui nikuambie nini. Nilikuwa nailaza simu kifudifudi mezani. Namba nisiyoijua ikiita, tumbo linakata. Siku moja ilikuwa ni mwalimu wa Neema, anatumia simu ya mwenzake, mtoto ana homa. Aliita weee, sikushika. Neema akakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu mpaka jioni, sweta kaivuta mpaka masikioni. Baba Neema naye, kwa kuniona nikiamka saa tisa na kwenda na simu bafuni, akaingiwa na wazo kwamba nina mwanamume. Aliniuliza. Nikakaa kimya, nikamwacha aamini hivyo kwa muda, kwa sababu mwanamume niliona ni afadhali kuliko kadi. Hebu fikiria mtu amefika wapi.

Sacco yetu, unavyojua, hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na hukopesha mara tatu ya akiba. Akiba yangu ilitosha. Kilichonishinda ni wadhamini watatu. Ile fomu niliitembeza kwenye mkoba mpaka pembe zikakunjika. Kisha usiku mmoja nikapiga hesabu ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha: tofauti ya riba ya benki na ya sacco kwa deni langu ilikuwa 3,500 kila mwezi. Najua benki ina sababu zake, haina dhamana yoyote mkononi. Lakini kwa upande wangu mimi, ile 3,500 ilikuwa inanunua kitu kimoja tu: nisilazimike kumtazama mtu machoni na kusema sina.

Wa kwanza niliyemwomba alikataa. Nilinuna, kisha nikaelewa. Akiba ya mdhamini hufungwa, na yeye alikuwa na mambo yake. Wa pili alitia sahihi huku anaongea na simu. Halafu nikaenda kwa mzee wa stoo. Yeye alivaa miwani, akasoma ukurasa wa mbele, akageuza akasoma na wa nyuma.

"Hii ni ya ploti, mama?"

"Ni ya kadi, mzee."

Akaandika namba yake ya uanachama polepole, tarakimu moja moja. "Yangu ilikuwa ya mechi za Jumamosi," akasema, akanirudishia kalamu.

Wa mwisho alitia sahihi, na kufikia saa saba idara nzima ilikuwa na habari. Niliumia, sikufichi. Kisha wenzangu wakaanza kuninyemelea korido, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, wananiuliza kwa kunong'ona sacco inachukua muda gani kutoa pesa.

Baba Neema nilimwambia kabla sijapeleka fomu. Alivyolipokea nitakuhadithia tukiwa wawili. Hilo si la karatasi.

Wanasema dawa ya deni ni kulipa. Inatibu deni, kweli. Nilipopata barua ya benki kwamba sidaiwi, nilingoja furaha, haikuja. Nilisinzia tu kwenye gari mpaka nikapitishwa steji. Na bado namba ngeni ikiita nashtuka, ingawa siku hizi nashika. Nakuambia mapema usije ukadhani una kasoro. Halafu usiridhike kuikata kadi kwa makasi, maana akaunti haifungwi na makasi. Mimi niliandikia benki waifunge.

CRB nayo, hao wanaoweka rekodi za wakopaji, usiiogope kama polisi. Kila mwenye mkopo wa benki yumo, anayelipa na asiyelipa. Ni haki yako kuona ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, basi iombe. Kama kuna doa, hukaa miaka 5 hata baada ya kulipa, ila litaonyesha kwamba umelipa. Na hao wa mkopo wa simu wakikutishia kuwapigia watu walio kwenye simu yako, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza. Weka jumbe zao, usizifute. Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Sasa fomu. Sahihi yangu utaipata, nafasi ya kwanza ni yangu. Hizo mbili sitakutafutia. Dada yako ni mwanachama, na yule jirani yako wa duka la vipuri pia. Utawaambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na utawaambia ni ya nini. Ukitaka nikusindikize, nitakuja, nitakaa kando ninywe chai yangu.

Jumamosi niko nyumbani kuanzia saa sita. Njoo na taarifa za kadi zote mbili, Mwende, si ya ile ndogo peke yake. Nakujua.

Wako,
Mama Neema