Wageni Jozani wasiwakaribie mno kima punju

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mwenendo wa watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, Unguja, ambako baadhi yao huwasogelea kima punju hadi umbali wa mkono ili wapate picha, na wengine huwaonyesha ndizi au biskuti ili washuke mtini.

Kima punju ni mnyama wa asili wa Zanzibar pekee, na yumo hatarini kutoweka. Tumbo lake limeumbwa kumeng'enya majani na matunda mabichi, kwa hiyo kumpa matunda matamu au vyakula vya dukani ni kumdhuru, hata kama anayetoa ana nia njema. Isitoshe, mafua na kikohozi cha binadamu vyaweza kumwambukiza, na kima aliyezoea kulishwa huzoea pia barabara ipitayo hifadhini, ambako wenzake wamekwisha kugongwa na magari.

Kule Mahale, hifadhi ya taifa iliyoko mkoani Kigoma, wageni wanaokwenda kuwaona sokwe huvaa barakoa na hukaa nao kwa muda wa saa 1 tu, wala sijasikia kwamba utalii umekufa. Wasimamizi wa Jozani waweke umbali wa lazima usiopungua mita 7, na waongoza watalii wapewe mamlaka ya kukatisha ziara ya mgeni asiyetii, bila kuhofia kukosa bahashishi yake.

Msomaji wako,
Unguja