Barua ya wazi kwa mdogo wangu: kompaila ya zamani tuiache lini?

Mdogo wangu mpendwa,

Umenieleza kuwa unasita kuacha kuihudumia GCC 4.8, toleo la zamani la kompaila (programu inayogeuza msimbo wa lugha ya C kuwa programu ya kuendeshwa na mashine), katika maktaba yako ya msimbo kwa kuhofia kuwatupa watumiaji wa siku nyingi. Hofu hiyo naiheshimu, lakini naona umewahesabu hata wasiohusika, kwani mwenye mashine kuukuu mara nyingi hupokea programu iliyokwisha kukompailiwa kwingine, kwa kompaila mpya. Uliza ni nani hasa anayeukompaili msimbo wako kwa kompaila ile, na ni kitu gani kinachomzuia kuibadilisha.

Aghalabu kinachomzuia ni mfumo endeshi. Red Hat Enterprise Linux 7, uliotoka mwaka 2014, ulikuja na GCC 4.8, na matengenezo yake ya kawaida yalikoma Juni 2024. Tarehe kama hiyo naiona kipimo cha haki kuliko umri wa kompaila, kwa sababu anayeutegemea mfumo huo aliijua mapema.

Kungoja nako kuna gharama. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, ilishikamana kwa miaka mingi na kanuni za C za mwaka 1989, ambazo haziruhusu kigeu (jina linalobeba thamani) cha kitanzi (sehemu ya msimbo inayojirudia) kutangazwa ndani ya kitanzi chenyewe, kwa hiyo kigeu hicho huendelea kuwapo hata kitanzi kikiisha. Mwanzoni mwa 2022, katika kujadili hitilafu ya usalama, ilibainika wazi hatari ya kukitumia kigeu cha kupitia orodha baada ya orodha kwisha, kwa maana huwa kinaelekeza mahali pasipo na kitu halali kwenye kumbukumbu. Kigeu kikitangazwa ndani ya kitanzi, kompaila yenyewe hulikataa kosa hilo. Toleo la 5.18 la kerneli likahamia C11, yaani kanuni za C za mwaka 2011, nalo lilipata wepesi kwa kuwa mwaka uliotangulia toleo la 5.15 lilikwisha kudai GCC 5.1.

Watunzaji wa Git, programu ya kuhifadhi historia ya msimbo, walikwenda kwa tahadhari ambayo naipenda sana: mwaka 2021 walitangaza kigeu ndani ya kitanzi mahali pamoja tu, penye kurekebishika kwa urahisi, kisha wakangoja kuona iwapo kuna atakayeshindwa kukompaili.

Nimeifungua faili yako ya kusoma data nikakuta mistari 40 iliyozungushiwa masharti kwa ajili ya GCC 4.8, ilhali katika majaribio yako ya kila siku hakuna hata moja linaloitumia kompaila hiyo. Hilo limenisikitisha, kwa sababu unawaahidi watu jambo ambalo hujalipima, na atakayeitegemea ahadi hiyo ndiye atakayeumia.

Basi ama uiingize kompaila hiyo katika majaribio wiki hii, ama utangaze katika toleo lijalo kuwa linalofuata litadai kompaila mpya zaidi, uutenge msimbo wa sasa katika tawi lake (nakala inayotunzwa kando), na uendelee kulipelekea marekebisho ya usalama kwa mwaka mmoja. Ukichagua njia hii ya pili, nitakusaidia kulitunza tawi hilo.

Dada yako