Shangazi, wamenichangia pesa za ukuta ulioanguka, na mimi nakaa Masaki

Shangazi, shikamoo.

Nimezisoma barua za wenzangu miaka mingi, nyingine nikiwacheka peke yangu kitandani. Leo zamu yangu, na wewe unicheke, ila mwisho nijibu.

Nina miaka 24, mtoto wa kiume peke yangu nyumbani. Baba ana malori yanayotoka bandarini Dar na mizigo, yanapita Tunduma hadi Lubumbashi, yanarudi na shaba. Nasema hivi si kwa kujisifu. Bila hilo shida yangu haieleweki. Nilisoma chuo Kuala Lumpur, niliporudi nikapewa ofisi yenye kiyoyozi pale yadi, Kurasini. Kazi yangu yenyewe sijaielewa mpaka leo. Nasaini karatasi ambazo mhasibu ameshazisoma. Nikitoa utani usiochekesha, chumba kizima kinacheka.

Siku moja nilishuka gereji nikamkuta fundi yuko chini ya lori anafungua nati za springi. Nikamwomba spana nijaribu. Akatoka kule chini, akaifuta kwa tambara, kisha akaishika nyuma ya mgongo kama unavyomficha mtoto kisu. "Acha bosi, utachafuka." Nikaletewa kiti na soda baridi. Nikakaa, nikanywa. Ningefanya nini?

Sasa twende kwenye gemu. Mwaka 2022 binamu yangu alitoka Dubai akaniletea miwani ya Quest 2, hii ya kuvaa usoni ukawa ndani ya dunia nyingine. Ina uzito wa nusu kilo hivi, saa mbili tu ikakuachia alama kwenye paji la uso. Mwanzo nilicheza ngumi na mpira wa meza, nikachoka. Halafu nikaingia gemu moja ya Waaustralia, A Township Tale, ilitoka kwenye Quest mwaka 2021. Unaanza huna kitu, kwenye kijiji kilichobomoka porini. Ukitaka shoka, unakata mti, unachonga mpini. Ukitaka kisu, unashuka mgodini, unaponda mawe ya shaba, unayabeba mgongoni, unayayeyusha, unakitia chuma motoni, unakigonga. Hakuna kitufe cha kubonyeza ili kisu kitokee. Mkono wako mwenyewe unanyanyuka na kushuka, na bega linauma kesho yake.

Humo ndani naitwa Fundi Kinoo. Jina nililitoa kwa bibi yangu Pangani. Mlangoni kwake kulikuwa na kinoo cha kunolea visu, kimelika katikati kama tandiko la punda. Kinoo ni mhunzi. Hajui kusaini karatasi. (Mama aliwahi kunikuta saa saba usiku nagonga hewa chumbani, macho yamefunikwa, jasho linatoka. Kesho yake akaita shekhe aje anisomee. Nilisomewa, nikanyweshwa maji ya kombe, usiku nikarudi kugonga.)

Wenzangu niliwapata kwa masikio. Nilikuwa kwenye seva, yaani kijiji kimoja cha mtandaoni mnachocheza pamoja, ya watu nisiowajua, nikasikia kutoka shimoni mtu aliyeuawa na mdudu akitukana kwa Kiswahili safi. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Seva moja kwenye Quest inachukua watu wanane tu, basi tukafungua yetu. Wengine huja na kuondoka, lakini nguzo tupo wanne. Kuna mzee wa Muscat, wazazi wake walitoka Unguja mwaka 1964 yeye akiwa mchanga, na anaongea kile Kiunguja cha zamani ambacho hapa Dar hukisikii tena. Kuna jamaa wa Columbus, Ohio, Mkongomani aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Anafanya kazi ghalani usiku. Na kuna binti wa Nairobi, mwanafunzi, mpiga upinde wetu.

Shangazi, sijui kama utanielewa. Kisu changu cha kwanza mzee alikishika, akakigeuza, akanambia, "Kisu gani hichi, Kinoo? Hakikati hata boga. Na nyundo usiikamate kama mswaki." Marehemu baba yake alikuwa mhunzi Unguja, kwa hiyo anajua anachosema. Nikarudia. Nikarudia tena. Cha saba akakiweka kiunoni kwake, akaondoka bila kusema kitu. Usiku ule sikulala kwa furaha. Maishani mwangu sikumbuki mtu mwingine aliyenambia kwamba nilichofanya hakifai, akasubiri nifanye kinachofaa.

Uongo wenyewe ulianza usiku wa kwanza. Tulikuwa tumekaa kwenye moto wa kambi, yule wa Columbus amemaliza kutusimulia alivyolala chini ya turubai miaka kumi na tatu. Kisha akanigeukia. "Na weye Kinoo, ni wa wapi?" Nikasema Dar. Binti akauliza, "Dar gani?" Neno Masaki, mtaa wetu wa wenye pesa, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikasema Kigogo, mtaa wa watu wa hali ya chini.

Wakauliza mtu wa Kigogo miwani kaipata wapi. Nikasema nafanya kazi kwenye banda la gemu, tajiri ananiruhusu kucheza nikishafunga saa nne usiku. Wakasema tajiri huyo ana roho nzuri. Basi, nikawa nimeshaingia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda karibu miaka miwili. Jenereta yetu ikiwaka, nasema ni ya jirani. Dada wa kazi akigonga mlango, "Kaka, chakula mezani," nasema ni dada yangu.

Lakini uongo unataka vitu vya kuujaza, na mimi Kigogo nilikuwa naipita tu. Vitu hivyo nilivichukua kwa dereva wetu. Huyu ni mtu mzima wa miaka 50 na ushee, ananiendesha tangu shule ya msingi, mimi namwita Mjomba, yeye ananiita bosi mdogo. Asubuhi tukiwa kwenye foleni anaongea. Nyumba yake iko bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Mkewe anauza vitumbua. Choo wanachangia kaya tatu. Kijana wake ana umri wangu, anatafuta kazi. Asubuhi nasikiliza, usiku naenda kuyasema kama yangu. Hata kile kitumbua kilichoungua upande mmoja, ambacho mke wake humwekea yeye kwa sababu hakiuziki, nilikitumia. Yule wa Columbus alikipenda sana kisa hicho.

Ikafika Aprili 2024. Unakumbuka zile mvua. Sisi tulikwenda Dubai kula Idi, miwani nikaiacha nyumbani. Tarehe 16 mvua ikapiga Dubai, uwanja wa ndege ukajaa maji, ndege zikaahirishwa, tukakwama hotelini siku nne zaidi. Kwa hiyo ni kweli mvua ilinizuia, Shangazi, ila ilinizuia ghorofa ya kumi na nane, nakula mayai na juisi ya embe, nalalamika kwamba bwawa la kuogelea limefungwa.

Wenzangu walikuwa wanaangalia habari za Dar. Walikuwa wanasikia mafuriko, mabondeni, watu kuhamishwa. Baadaye Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba waliokufa nchi nzima wamefika 155. Na Kinoo wa Kigogo hajaonekana siku kumi na mbili.

Nyumba ya Mjomba maji yaliingia kweli. Alitusimulia siku aliyotupokea Airport, akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama kawaida yake. Maji yalifika kiunoni, wakawapandisha wajukuu juu ya kabati, na alfajiri ukuta wa nyuma ukalala wote. Baba akasema, "Pole sana." Kisha akauliza kama gari limejazwa mafuta.

Usiku ule nikavaa miwani. Mbele ya karakana ya Kinoo walikuwa wamepanga taa, zote zinawaka. Kumbe kila aliyeingia aliacha moja. Yule wa Columbus aliponiona alipiga kelele, sauti ikamkatika. "Kinoo! Uko mzima?"

"Nipo."

"Na nyumba?"

Hapo, Shangazi. Hapo ndipo ningesema. Nikasema, "Ukuta wa nyuma umeanguka."

Wiki haikuisha walikuwa wamechanga. Mzee rial 60, na Oman kwenyewe mafuriko yalikuwa yamepita siku hizo hizo, yakaua watu wakiwemo wanafunzi. Yule wa ghalani dola 200. Binti alituma shilingi 2,000 za Kenya, mwanafunzi, huku Nairobi nako mvua ikiwahamisha watu. Nilikataa, wakaona ni unyonge wa maskini mwenye heshima, wakazidi kusisitiza. Yule wa Columbus akanambia, "Kama hautaki kupokea, unatuona sisi si ndugu yako."

Wakaomba namba. Kwenye laini yangu jina langu litatokea, na jina la ukoo wetu limeandikwa ubavuni mwa malori. Nikatoa namba ya Mjomba. Nikamwambia kuna marafiki wananilipa deni, anipokelee.

Alikwenda kwa wakala siku mbili tofauti kwa sababu wa kwanza aliishiwa fedha taslimu. Akaja ofisini, akagonga mlango ulio wazi, akatoa bahasha ya kaki aliyoikunja mara mbili. "Hesabu kabisa bosi mdogo." Nikasema hakuna haja. Akakataa, akazihesabu yeye mezani kwangu, noti za elfu kumi kumi, analamba kidole, kila laki anaiweka pembeni. Laki tisa na arobaini na tatu, baada ya makato. Noti mbili zilikuwa zimelowa, akaninyooshea. Kisha akasimama kidogo, akauliza kama naweza kumkumbusha mzee, yaani baba, kuhusu ile laki moja na nusu aliyoiomba kukopa kwenye mshahara, ya matofali.

Nilimkumbusha. Alipewa laki moja mwisho wa mwezi. Ukuta aliuziba kwa mabati na turubai.

Usiniulize kwa nini sikumpa ile bahasha palepale. Nimejiuliza kukuzidi. Nilichofanya ni kutoa laki mbili zangu mfukoni nikampa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na kufika jioni yadi nzima inajua kijana wa mzee ana moyo wa huruma. Yule fundi wa spana alinipongeza. Tangu hapo nakaa kiti cha nyuma naangalia simu njia nzima, na Mjomba ameacha kunisimulia, nadhani anahisi ananisumbua.

Bahasha iko kwenye droo, chini ya miwani.

Dada yangu nilimwambia. Akacheka. "Hela ya chakula chako cha siku mbili hiyo, warudishie." Lakini warudishiwe na nani? Kinoo wa Kigogo anatoa wapi nauli ya kurudisha dola 200? Rafiki yangu mwingine anasema nifute akaunti nifungue mpya kwa jina jingine, watadhani nimekufa au banda limefungwa. Hilo nimelijaribu, nilifika kwenye kitufe. Sikuweza.

Nikafikiria tena: zile pesa zilitumwa kwa jina la Mjomba, zikapokelewa na Mjomba, na ukuta ulioanguka ni wa Mjomba. Nikimkabidhi bahasha, si zitakuwa zimefika zilikotumwa? Naona kama ndiyo, halafu naona kama nataka tu kutoka kwenye hili kwa bei rahisi, maana kule ndani nitaendelea kuitwa Kinoo wa Kigogo, na huku nje nitaendelea kusifiwa huruma kwa pesa za watu. Na nikimweleza ukweli, nitalazimika kumwambia pia kwamba miaka miwili nimekuwa nikiyauza maisha yake usiku, mpaka kitumbua cha mkewe.

Ningeweza kukaa na haya miezi mingine, lakini mzee wa Muscat anakuja. Mwezi wa nane anakwenda Unguja kuiona nyumba aliyozaliwa, halafu atapanda boti aje Dar siku moja. Hataki hoteli, anataka afike Kigogo auone ukuta. Nikubali kwamba nimewaza hata kumwomba kijana wa Mjomba asimame badala yangu. Umri mmoja, sauti zetu hazipishani sana, na Kigogo anaijua kweli. Niliwaza hilo dakika tano nzima, Shangazi. Nikapanga hadi la kumfundisha.

Sasa niambie. Nianze na nani: Mjomba, au wale wa kule ndani? Nikiwaambia wale, niwaambie wote pamoja kwenye moto, au nimpigie mzee peke yake kwanza kwa kuwa ni mtu mzima? Na bahasha je, nimpe Mjomba kabla ya kusema au baada? Usinijibu kwamba niache gemu. Nyumbani wameshanijibu hivyo.

Nakuuliza haraka kwa sababu Ijumaa iliyopita mzee alinisogelea karakanani, akaniangalia ninavyogonga, akasema nyundo yangu ya kwenye miwani ni upepo tu. Akaniahidi kwamba akija ataniletea ya kweli, ya marehemu baba yake, iliyovuka naye bahari mwaka ule. Watoto wake wote ni watu wa ofisini, anasema, hawana pa kuitumia.

Ni mimi,
Fundi Kinoo,
Dar es Salaam