Kidonge cha kliniki kisichanganywe na kopo la mchuuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninaloliona kwa baadhi ya wajawazito hapa Moshi: wanakataa vidonge vya kuongeza damu (vya madini ya chuma na asidi ya foliki) wanavyopewa kliniki kwa hoja kwamba ni kemikali za kiwandani, ilhali kabatini wameweka makopo ya vitamini ya bei kubwa, yaliyonunuliwa kwa wachuuzi wanaopita maofisini na kwenye vikundi vya akina mama, kwa kuwa tu kopo limechorwa jani na kuandikwa "asilia".

Vitamini nyingi zilizomo katika makopo ya namna hiyo hutengenezwa kiwandani vilevile, na hilo peke yake si kosa. Vitamini C ya maabara na ile ya chungwa ni kitu kimoja, wala mwili hauzibagui. Ubora wa chakula uko kwingine, kwa maana tunda huja na nyuzinyuzi na virutubishi vingine ambavyo kidonge hakina, tena kwa kiasi ambacho ni vigumu kukipitiliza. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na mtu mzima anahitaji 75 hadi 90 tu kwa siku. Anayekula pera kisha akameza kidonge cha miligramu 1,000 anajisaidia haja ndogo yenye thamani kubwa.

Vitamini C ya ziada angalau hutoka. Vitamini A hujilimbikiza kwenye ini, na ikizidi kwa mjamzito yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hata beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ilijaribiwa kwa vidonge nchini Finland kwa wanaume wavutaji sigara, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yakaonyesha kwamba saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliovimeza. Hakuna aliyewahi kuonywa hivyo kwa sababu ya kula karoti.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa sokoni kwanza. Pale Mbuyuni mnafu, mchicha na majani ya maboga havikosekani, na watafiti wa World Vegetable Center, wenye kituo chao Arusha, wameshughulikia mbegu za mboga hizi za kienyeji kwa miaka mingi. Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyozipika, yaani kuzichemsha muda mrefu na kumwaga maji yake, na folati (vitamini ya kundi B ambayo ya kiwandani huitwa asidi ya foliki) pamoja na vitamini C vikamwagika humo humo. Zipikwe kwa muda mfupi, ziungwe kwa karanga au mafuta kidogo, maana karotini haisharabiwi vizuri bila mafuta. Chai ya rangi, ambayo huzuia mwili kusharabu madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharage, isubiri saa moja hivi baada ya mlo, na nafasi yake mezani ichukuliwe na chungwa.

Pamoja na hayo, mnafu una mipaka yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na kiasi hicho cha chuma ni vigumu kukipata kwenye sahani pekee. Tena asidi ya foliki ya kiwandani husharabiwa vizuri zaidi kuliko folati ya mboga. Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, huhitaji folati ili ufunge vizuri, nao hufunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba itungwe, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wameshika mimba, na ndiyo maana anayepanga kuzaa hushauriwa kuanza asidi ya foliki mapema. Vivyo hivyo kwa nyongeza ya vitamini A wanayopewa watoto wetu mara mbili kwa mwaka: ina kipimo, ina umri wake, na inatolewa na mtu anayeweza kuulizwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Tangazo la vitamini lisilotaja kiasi cha kila kirutubishi na nani asitumie, tafadhali lirudishwe kwa mwenyewe kabla halijafika kwa msomaji.

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Moshi.