Vitabu vya ndege kwa Kiswahili viko wapi jamani?

Mhariri salaam. Mi nakaa Kipunguni hapa Dar, jirani kabisa na uwanja wa ndege, huku kwetu ndege ikipita maongezi yanasimama kwanza, na watoto wameshajua kwa mlio tu kwamba hii ni panga boi, hii Dreamliner, wala hawanyanyui shingo. Sasa juzi kati mwanangu wa darasa la tano kaniuliza, baba lile dude zito vile linakaaje juu? Nikamwambia injini. Akasema mbona lori la mchanga nalo lina injini. Nikanyamaza.

Basi nikaenda mjini kutafuta kitabu. Duka la kwanza nimesema nataka kitabu cha ndege, dada wa watu kaniletea cha ufugaji wa kuku! Nikamwambia siyo hao, hizi za abiria, akacheka akasema hizo hatuna. Nimezunguka hadi nikaangukia kwa wauza vitabu vya mtumba, nikapata kimoja cha Kiingereza, elfu nne, nikakisoma na kamusi pembeni. Kinasema bawa limebinuka juu, kwa hiyo hewa ya juu ina safari ndefu inabidi ikimbie iwahi kukutana na mwenzake nyuma ya bawa. Nikamweleza dogo kwa mbwembwe zote.

Kumbe uongo. Jirani yetu ni fundi wa ndege, aliposikia alicheka mpaka chai ikampalia, akasema hakuna cha kukutana, hewa ya juu inafika mapema inamuacha mwenzake, halafu ingekuwa ni umbo tu zile ndege za maonyesho zingerukaje miguu juu? Bawa linakaa limeinuka kidogo mbele, linaisukuma hewa chini, na hewa nayo inalisukuma bawa juu. Akatuambia tukipanda daladala tutoe kiganja dirishani tukiinue kidogo. Tulijaribu, mkono unapanda wenyewe kabisa, konda akatufokea turudishe ndani na alikuwa sahihi, lakini dogo alishaelewa.

Dakika mbili za Kiswahili Mhariri! Mi elfu nne yangu imenunua uongo.

Na hata hadithi za marubani ni hivyohivyo. Beryl Markham alikulia Njoro pale Kenya, amerusha ndege kutafutia wawindaji tembo, 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, injini ikakosa mafuta akaangukia kwenye tope huko Kanada, akapona, 1942 akatoa kitabu. Habari za kwetu hizo, lakini nilichokiona mimi ni cha Kiingereza.

Ombi langu, ile kurasa ya watoto mwiteni rubani au fundi aandike hata nusu ukurasa kila wiki, baadaye vikusanywe kiwe kitabu, wa kwanza kununua mimi. Aanze na hili, kwa nini matairi yanafuka moshi ndege ikitua, maana dogo kaniuliza tangu Jumapili na fundi yuko shifti ya usiku.

Baba Nuru,
Kipunguni, Dar es Salaam